Timu Iliyoporomoka Hujengwa Upya kwa Muda Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Timu kubwa iliyoporomoka hurudi juu baada ya muda gani?

Kwa klabu kubwa, misimu miwili inatosha, ila muda huo uhesabiwe kuanzia siku klabu ilipopata viongozi wanaojua wanachokitafuta na wenye uwezo wa kulipa walichoahidi. Mashabiki wengi huanza kuhesabu tangu siku timu ilipopoteza ubingwa, na ndiyo maana husikika wakilalamika kwamba timu imejengwa kwa miaka minne bila mafanikio, ilhali katika sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na ujenzi wowote, bali kuziba mapengo kutoka dirisha moja la usajili hadi jingine.

Mfano mkuu wa ukurasa huu ni Young Africans, yaani Yanga, ya Dar es Salaam. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21 iliwatazama watani wake wa jadi, Simba, wakitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo. Msimu wa 2021/22 Yanga ikaubeba bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, na msimu uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukiitazama kwa mbali utasema iliinuka ghafla. Ukiifuata mwezi kwa mwezi utaona kwamba kazi halisi ilichukua muda mfupi, na kwamba kilichochelewa ni kuanza kwa kazi hiyo.

Yanga iliangukaje?

Ilianza kuanguka ofisini kabla ya kuanguka uwanjani. Klabu ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2014/15, 2015/16 na 2016/17, na uendeshaji wake ulitegemea kwa kiasi kikubwa mfuko wa mwenyekiti wake, Yusuf Manji. Alipojiuzulu Mei 2017 hapakuwa na chanzo kingine cha mapato chenye uzito kama huo. Mwaka huohuo Simon Msuva alikwenda Difaa El Jadida ya Morocco na Haruna Niyonzima akavuka mtaa kwenda Simba. Mwaka uliofuata Donald Ngoma akajiunga na Azam. Wachezaji wa kiwango chao hawapatikani kwa ahadi za mdomo, na kwa wakati ule klabu haikuwa na kitu kingine cha kuwapa waliotakiwa kuziba nafasi zao.

Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Mwinyi Zahera kutoka Congo, bakuli lilitembezwa kwa wanachama na mashabiki ili timu iweze kuishi. Timu ile ilimaliza ligi katika nafasi ya pili, na mimi naamini wachezaji wake hawajapewa heshima wanayostahili, kwa sababu walicheza vizuri katika mazingira ambayo yangewakatisha tamaa watu wengi. Hata hivyo nafasi ya pili iliwaficha watu ukubwa wa tatizo. Ulikuja kuonekana wazi tarehe 12 Julai 2020, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, lile la mtoano la hapa Tanzania, Simba iliposhinda kwa mabao 4-1.

Je, kubadilisha kocha huharakisha ujenzi?

Huharakisha pale tu ambapo kikosi kilichopo ni kizuri kuliko nafasi kinayoshika kwenye msimamo. Bayer Leverkusen ya Ujerumani ilipomwajiri Xabi Alonso Oktoba 2022, ilikuwa ya pili kutoka mkiani ikiwa na pointi 5 katika michezo 8. Lakini wakati huo ilikuwa tayari na Florian Wirtz, Jonathan Tah, Edmond Tapsoba na Jeremie Frimpong. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapanga. Msimu huo ilimaliza ya sita, na Aprili 2024 ikatangazwa bingwa wa Bundesliga kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikamaliza ligi bila kufungwa. Takriban miezi 18 ilitosha.

Pale ambapo kikosi chenyewe ni dhaifu, kocha mpya huongeza gharama. Kati ya Novemba 2019 na Aprili 2021, ukiwaacha waliokaimu, Yanga ilipitiwa na makocha wakuu watano. Zahera aliondoka Novemba 2019. Luc Eymael alikuja Januari 2020 na akafukuzwa Julai kutokana na kauli zake za kibaguzi dhidi ya mashabiki, uamuzi ambao klabu ilikuwa sahihi kabisa kuuchukua. Zlatko Krmpotić alidumu tangu Agosti hadi Oktoba. Cedric Kaze alifika mwezi huohuo wa Oktoba na akaondolewa Machi 2021. Wa tano, Nasreddine Nabi kutoka Tunisia, alianza kazi Aprili.

Kila kocha huja na wachezaji anaowapenda na namna yake ya kucheza. Anapoondoka baada ya miezi mitano huwaacha watu watatu au wanne waliosajiliwa kwa mfumo ambao mrithi wake hautaki, na mikataba yao inaendelea kulipwa. Baada ya makocha wanne wa namna hiyo unakuwa na kikosi ambacho hakuna mtu mmoja aliyekikusudia.

Ni nini hasa kilichobadilika mwaka 2021?

Mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kwamba usajili uliingia katika mikono ya watu walewale kwa madirisha kadhaa mfululizo. Kampuni ya GSM ilikuwa imeanza kuisaidia klabu tangu kabla ya hapo, na Hersi Said, aliyekuwa mkurugenzi wake wa uwekezaji, ndiye aliyeshughulikia usajili kwa karibu. Dirisha la 2020 lilikuwa limeleta wachezaji wawili kutoka AS Vita ya Kinshasa, Mukoko Tonombe na Tuisila Kisinda. Hawakuipa timu ubingwa, lakini klabu ilipata kujifunza soko la Kinshasa, ikajua nani anauzika, kwa bei gani, na nani ana mkataba unaokaribia kwisha. Mwaka uliofuata ilirudi kulekule.

La pili ni kwamba dirisha la katikati ya 2021 lilitumika kujenga uti wa mgongo wa timu, kuanzia golini hadi kwa mshambuliaji wa kati. Langoni aliingia Djigui Diarra kutoka Stade Malien. Beki ya kulia alikuja Djuma Shabani na mbele akaja Fiston Mayele, wote wawili kutoka AS Vita. Yannick Bangala angeweza kucheza beki wa kati au kiungo mkabaji bila timu kupungua chochote. Khalid Aucho wa Uganda akawekwa mbele ya mabeki. Hawa waliungana na wazawa waliokwishaletwa kwa utulivu, yaani Bakari Mwamnyeto kutoka Coastal Union, Dickson Job kutoka Mtibwa Sugar, na Feisal Salum aliyetoka JKU ya Zanzibar tangu 2018.

Itazame timu ile ikianza mashambulizi kutoka nyuma. Diarra ni kipa anayetumia miguu na hutoka nje ya boksi lake bila woga, kwa hiyo mabeki wa kati walipata mtu wa kumrudishia mpira wanapobanwa, wasilazimike kuupiga mbele ovyo. Mpira ukimfikia Aucho, yeye huugeuza kwa mguso mmoja au miwili na kuupeleka upande wenye nafasi. Kwa sababu Aucho alikuwa akilinda eneo lile, Feisal hakuwa tena na kazi ya kushuka kuufuata mpira kwenye miguu ya mabeki wake, akawa anaupokea akiwa ameshalitazama goli la wapinzani. Mayele naye alipata pasi akiwa ndani ya boksi, mahali anapojua kazi yake, na akamaliza msimu wake wa kwanza wa ligi akiwa na mabao 16. Watoto wa mitaani walikuwa wakitetema, kama alivyokuwa akishangilia yeye, kila wanapofunga bao. Wachezaji watatu waliowekwa mahali panapostahili walibadilisha kazi ya wenzao wanane, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba ujenzi hupimwa kwa nafasi zilizojazwa, kamwe usipimwe kwa idadi ya majina yaliyotangazwa.

Mashabiki watajuaje kwamba ujenzi unaendelea kabla makombe hayajaja?

Matokeo ya miezi ya kwanza hudanganya pande zote mbili. Nabi alifungwa na Azam bao 1-0 tarehe 25 Aprili 2021, mwanzoni kabisa mwa kazi yake. Julai 2021 alipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mbele ya Simba mjini Kigoma, kwa bao 1-0. Septemba 2021 Yanga ikatolewa katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, ikifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Mtu aliyesoma matokeo hayo peke yake angedai kocha afukuzwe, na wapo waliodai.

Lakini baada ya kile kipigo cha Azam, Yanga haikupoteza tena mchezo wa ligi mpaka tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu ilipoifunga 2-1 na kukatisha mfululizo wa michezo 49. Dalili zilikuwa katika mambo madogo. Kikosi cha kwanza kilikuwa kinajirudia wiki hadi wiki, timu ilikuwa ikiruhusu mabao machache hata ilipocheza vibaya, na mchezaji aliyeumia alipopata mbadala, namna ya kucheza haikubadilika. Shabiki anayetaka kujua ukweli ayaangalie hayo kwa michezo kumi mfululizo.

Je, pesa si ndiyo kila kitu?

Bila pesa hakuna ujenzi, na miaka ya bakuli ni ushahidi tosha. Hata hivyo pesa hununua nafasi ya kujaribu tu. Azam FC ina kampuni kubwa nyuma yake, uwanja wake wenyewe Chamazi na akademi ambayo klabu nyingi za ukanda huu zingeitamani, na ilitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Tangu hapo, kufikia mwisho wa msimu wa 2024/25, haikuwahi kuurudia. Wanaodhani kwamba mwekezaji akishapatikana kazi imekwisha wanapaswa kuitafakari Azam kwa makini, kwa kuwa haikukosa vifaa wala nia.

Je, ni kosa kubadilisha karibu kikosi kizima kwa dirisha moja?

Ni hatari, lakini wakati mwingine hakuna njia nyingine. Simba ilimaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, ikiwa na wachezaji wengi waliokwishatoa kilicho bora walichokuwa nacho. Katikati ya 2024 iliwaaga wengi wao kwa mkupuo, ikamleta kocha Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini pamoja na kundi la wageni ambao wengi wao hawakuwa majina makubwa, wakiwemo Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala na kipa Moussa Camara.

Msimu huohuo wa kwanza Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco 2-0 ugenini na kutoka sare ya 1-1 kwenye uwanja wa Amaan, Zanzibar. Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na mbio za ubingwa zikaamuliwa katika mchezo wa mwisho dhidi ya Yanga tarehe 25 Juni 2025, ambao Yanga ilishinda 2-0. Kwa timu iliyokusanywa chini ya mwaka mmoja hayo ni mafanikio makubwa, ingawa Msimbazi, nyumbani kwa Simba, hawakuyapokea hivyo. Naelewa kwa nini: klabu mbili zinapogombea taji moja, ya pili huonekana imeshindwa hata kama imepanda ngazi tatu.

Wasajiliwe vijana au wazoefu?

Inategemea muda ambao uongozi unao. Arsenal, baada ya kumaliza ya nane mara mbili mfululizo chini ya Mikel Arteta, ilisajili wachezaji sita katikati ya 2021, wote wenye umri wa miaka 23 au chini ya hapo. Ilianza msimu kwa kufungwa michezo mitatu bila kupata hata bao moja, ikamaliza ya tano, na msimu uliofuata ikawa ya pili. Njia hiyo inahitaji bodi isiyotetereka Agosti inapokuwa mbaya. Leverkusen kwa upande wake iliongeza watu wazima: Granit Xhaka alikuwa na miaka 30 alipofika 2023, na Alejandro Grimaldo alikuja akiwa mchezaji huru. Kwa klabu zetu, ambazo uongozi wake huulizwa maswali kila mtani anaposhinda, naona busara ni kuweka wazoefu katika uti wa mgongo na vijana pembeni yao.

Madeni na kesi za wachezaji hurudisha nyuma kiasi gani?

Kuliko jambo jingine lolote, na hapa ndipo uongozi mwingi hupotezea wakati bila kujua. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anayedai mishahara isiyopungua miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15 na, asipolipwa, kuvunja mkataba kwa sababu halali na kuondoka bure huku bado akiidai fidia. Klabu isiyolipa deni lililokwishaamuliwa huweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Madirisha matatu ni msimu mzima na nusu. Klabu iliyofungiwa hivyo hupoteza karibu muda wote ambao Leverkusen iliutumia kutoka mkiani hadi kwenye ubingwa, na mara nyingi deni lenyewe ni la mchezaji ambaye mashabiki wameshamsahau.

Na timu iliyoshuka daraja kabisa?

Hiyo huenda polepole zaidi, kwa kuwa mapato hushuka mara moja wakati mikataba mikubwa haishuki. Sunderland ya Uingereza iliteremka kutoka Ligi Kuu 2017, ikateremka tena 2018 hadi daraja la tatu, na ikakaa huko misimu minne. Ilipanda 2022 na kurudi Ligi Kuu Mei 2025 baada ya kuifunga Sheffield United 2-1 katika fainali ya mchujo. Miaka minane, na huo ni mfano wa waliofanikiwa.

Kwa nini klabu nyingine hukaa miaka mingi bila kuinuka?

Gor Mahia ya Kenya ilitwaa ubingwa 1995 na ikaja kuupata tena 2013. Watani wake, AFC Leopards, waliutwaa mara ya mwisho 1998. Hizi ni klabu zenye mashabiki wanaojaza viwanja na historia ambayo haiwezi kununuliwa, hivyo si kweli kwamba ukubwa wa klabu huiinua wenyewe. Klabu ya wanachama ambayo kila uchaguzi huanza upya na kutupa mipango ya waliotangulia inaweza kurudia mwaka wa kwanza wa ujenzi mara kumi.

Timu ikishajengwa, mafanikio hudumu?

Hapa Yanga inafundisha zaidi kuliko katika ule msimu wa kutofungwa. Mwaka 2021 wanachama walipitisha mabadiliko ya katiba, na Julai 2022 Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa klabu. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023 iliisha kwa jumla ya mabao 2-2 dhidi ya USM Alger, Yanga ikifungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa kanuni ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini. Baada ya hapo Nabi aliondoka, Mayele akauzwa Pyramids ya Misri na Feisal akaishia Azam. Kwa klabu ya 2017 hilo lingekuwa anguko jipya.

Badala yake waliingia Pacôme Zouzoua, Maxi Nzengeli na Yao Kouassi, na Miguel Gamondi akakabidhiwa timu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5-1, ikabeba tena ubingwa na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako iliondolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Msimu wa 2024/25 ilikuwa na makocha watatu, Gamondi, Sead Ramović na Miloud Hamdi, na bado ikawa bingwa kwa mara ya nne mfululizo. Idadi ya makocha wa msimu huo inalingana na ile ya 2020/21, ambapo timu ilivurugika. Tofauti ni kwamba safari hii waliochagua wachezaji hawakubadilika, kikosi kilikuwa kimekamilika, na kila kocha aliyeingia alikuta timu inayojua kucheza.

Mwanachama aulize nini kwenye mkutano mkuu?

Aulize ni nani anayeamua usajili na amekuwa katika kazi hiyo kwa madirisha mangapi. Aulize kama kuna kesi yoyote iliyopo FIFA, na kiasi kinachodaiwa. Aulize mikataba ya wachezaji watano muhimu inaisha lini, na kama mazungumzo yameanza kabla haijafika miezi sita ya mwisho, ambapo kanuni zinawaruhusu kusaini kwingine. Swali la kocha ni nani liulizwe baada ya hayo kujibiwa.